Mapumziko ni ya Nani?

Watu wa milima ya Upare hawahitaji kufundishwa kufanya kazi pamoja. Msaragambo unapoitishwa, iwe ni kuzoa tope la ndiva, kuzibua mfereji au kutengeneza barabara, kila kaya hutoa mtu, na asiyefika hutozwa faini. Lakini je, msomaji mpendwa, ni mara ngapi tumeitana kwa ajili ya kupumzika pamoja?

Swali hili lilinijia mwaka jana, pale familia tisa za Same mjini na za vijiji vya mlimani tulipokubaliana kuchanga fedha kila mwezi ili twende Pangani, na kutoka huko tuvuke hadi kisiwa cha Maziwe. Wengi wetu tulikuwa hatujapata kukanyaga kisiwa chochote, ijapokuwa maji ya bahari ile si mageni kwetu. Mto Pangani, uletao maji ya Kilimanjaro na Meru, hupita Nyumba ya Mungu, ukaambaa upande wa magharibi wa milima yetu, ndipo ukaenda kumwaga baharini.

Katika kikao cha mwisho akina baba walikuwa wamekwisha panga kila kitu: mbuzi wawili, mchele na masufuria makubwa. "Mapishi akina mama watajua wenyewe," akasema mzee wetu mmoja. Hapo mama mmoja, mkulima wa tangawizi kutoka Mamba, akainuka. "Mzee wangu, nisamehe," alisema kwa upole. "Kama nakwenda baharini kuchochea kuni, afadhali nibaki nichochee zangu hapa hapa. Nauli yangu mpeni mwingine."

Kikao kilinyamaza. Jambo likaahirishwa, kama ilivyo desturi yetu pale neno la kweli linapokosa jibu. Siku ya safari masufuria yalipakiwa juu ya basi vile vile. Mama yule alikuja, ila njia nzima, Hedaru, Mombo, Korogwe hadi Muheza, hakuzungumza sana.

Aliyekata shauri alikuwa nahodha. Alipoyaona masufuria yetu Pangani aliuliza, "Haya mnayapeleka wapi? Kule hakuna kuni, hakuna maji, hakuna hata mti mmoja. Na maji yakijaa hakuna pa kusimama."

Nahodha hakutia chumvi. Zamani Maziwe kilikuwa na miti, mivinje ikiwa mojawapo, na kasa walifika kwa wingi kutaga mayai. Kwa ajili yao kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Lakini kufikia mapema miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imetoweka, na mchanga ukakosa cha kuushika. Leo ni fungu jeupe lililozungukwa na matumbawe. Huonekana maji yanapokupwa, na wakati wa bamvua hufunikwa kabisa. Kasa bado huja, lakini mayai yao huhamishiwa ufukweni Ushongo ili yasizame.

Basi ikabidi chakula kipikwe usiku ule ule. Mama wa Mamba akasema, "Wenye masufuria na wapike." Akina baba na vijana walitazamana, wakacheka, kisha wakakunja mikono ya mashati. Walichemsha mihogo na mayai, wakakaanga nyama. Nyingine iliungua kidogo, lakini ililiwa yote.

Asubuhi tulivuka. Tulitandaza turubai juu ya miti minne tuliyokwenda nayo, watoto wakaingia majini, na akina mama wakaketi pale mawimbi yanapoishia, kanga zimelowa, wakicheka kama wasichana. Mimi mwenyewe, kwa mazoea, niliinuka mara tatu kutazama vyakula. Mara ya tatu mume wangu akaniambia, "Kaa. Vipo." Mama wa Mamba alilala chini ya turubai. Mtoto wake alipokuja kuomba maji, baba yake aliinuka akampa. Hakuna aliyemwamsha mama yule mpaka nahodha alipotuita, maji yakiwa yameanza kuumeza mchanga.

Mambo haya si madogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku zisizopungua 28 katika mwaka. Mama alimaye, atekaye maji na kupika hana mwajiri wa kumwandikia likizo. Tena kila Desemba, jamaa waliotawanyika mijini wanaporejea mlimani kupumzika, kwake ndiyo huwa miezi yote kwa uzito. Sisi twaita sikukuu. Yeye huhesabu sahani.

Yafaa basi kikundi chochote kinachopanga matembezi kianze na swali hili: nani atapika, nani atafua, nani atalea watoto? Jibu liandikwe kabla ya mchango wa kwanza kutolewa, na akina mama wawepo kikaoni. Waendao Maziwe waulize kwanza habari za kupwa na kujaa kwa maji, wabebe kivuli na maji ya kunywa, na warudi na taka zao. Wasio na nauli ya baharini wana msitu wa Shengena na mbuga ya Mkomazi jirani. Hata nyumbani, siku moja ya mama kutoingia jikoni haina gharama yoyote.

Kisiwa kile kilipoachwa bila kivuli kilianza kuliwa na maji kidogo kidogo, na hakuna aliyejali mpaka kilipozama. Mama naye huchoka hivyo hivyo. Jumapili hii, ndugu msomaji, mtazame aliyekuandalia chakula, kisha mwulize lini alipumzika mara ya mwisho. Asipokumbuka, inuka wewe.