Maharage hayashibi hewa ukaa

Kabla ya enzi ya viwanda, hewa ukaa ilikuwa takriban sehemu 280 kwa kila milioni za hewa. Leo imepita 420. Wapo wanaoona ni neema kwa mkulima wa maharage: mmea hukua kwa gesi hiyo, na jamii ya kunde hujipatia naitrojeni kwenye vinundu vya mizizi. Si uongo, ila ni nusu ya habari.

Ng'oa shina, pasua kinundu. Chenye rangi ya waridi ndani kinafanya kazi. Cha kijani au kijivu kimezimika. Kazi hiyo hutaka fosforasi, nayo ni adimu katika udongo mwingi mwekundu wenye tindikali wa nyanda zetu za juu. Isipokuwepo, gesi ya ziada haiongezi hata debe. Tena, majaribio ya mashambani yameonyesha kuwa njegere na soya kwenye hewa ukaa nyingi hupungukiwa zinki na chuma.

Fosfati tunayo, pale Minjingu mkoani Manyara. Lakini mbolea ikitajwa, ni mahindi kwanza; maharage hupandwa katikati ya mistari, yakaokoteza. Serikali iyatengee fungu lake la ruzuku, na maofisa ugani wapime udongo kabla mifuko haijagawiwa.