Asinyolewe Ili Apumue
Hoja kwamba mwanamke anayekatika nywele kwa mikanda ya barakoa ya CPAP, mashine ya kupulizia hewa wanaozibwa koo usingizini, anyoe tu, kwa kuwa uhai ni bora kuliko urembo, haielewi tiba yenyewe. Tangu Colin Sullivan na wenzake wa Australia walipoieleza mwaka 1981, kanuni haijabadilika: hewa yenye mgandamizo huzuia koo lisizibe usingizini, na hufanya hivyo pale tu barakoa inapokuwa usoni. Kero yoyote inayomfanya mgonjwa aivue saa nane za usiku ni suala la tiba. Na kero hii ni ya kweli. Mikanda ileile husugua mahali palepale kila usiku, na nywele za kipilipili, kavu kwa asili, hukatika upesi zaidi.

Itasemwa kuwa kofia ya satini inayovaliwa kulinda nywele huifanya mikanda iteleze na hewa ivuje. Kofia iliyolegea, ndiyo. Hata fundo la nywele kisogoni huusukuma mkanda. Lakini twende kilioni zilizolala kichwani, au msuko mmoja mlegevu ulioshushwa chini ya mkanda, haziinui chochote. Kitambaa cha satini kilichobana, au mikanda yenyewe kuvishwa satini, hupunguza msuguano. Kisha mikanda irekebishwe mgonjwa akiwa amelala, mashine ikipuliza. Ninawasihi wanaopima barakoa: mwulizeni mgonjwa analala na mtindo gani, mkampime akiwa nao.