Bodi ya Watu Wanaojuana

Wengi wetu tunaofika Mwitongo, Butiama, kusali kwenye kaburi la Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, tunalikumbuka Azimio la Arusha kwa ujamaa na kutaifishwa kwa mabenki. Kuna kipande tunachokisahau. Masharti ya uongozi ya Februari 1967 yalimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na hisa katika kampuni yoyote, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi na kuwa na nyumba ya kupangisha. Kwa kawaida masharti hayo husomwa kama dawa ya tamaa. Sisi tunayasoma pia kama dawa ya kujuana: anayetoa leseni asubuhi asikae jioni kwenye bodi ya kampuni iliyoiomba.

Mwaka 1991, kikao cha CCM kule Zanzibar kiliyalegeza. Hatusemi kilikosea katika kila jambo. Nchi ilihitaji mitaji, na katazo linalokwepwa kwa kutumia jina la shemeji halimzuii mtu. Lakini yalipoondoka, haikuwekwa kinga nyingine yenye nguvu ileile. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inamtaka kiongozi atangaze mali na madeni. Urafiki haumo kwenye fomu.

Matokeo yake tuliyaona hapahapa Butiama, Buhemba. Kampuni ya Meremeta, ambayo Serikali ilikuwa mbia na ambayo ilihusishwa na Jeshi, iliandikishwa mwaka 1997 mbali kabisa na hapa, katika Kisiwa cha Man. Ikachimba dhahabu Buhemba miaka michache, kisha mgodi ukafungwa. Deni lake kwa benki ya Afrika Kusini, zaidi ya dola milioni 100 za Marekani, lililipwa kupitia Benki Kuu yetu. Kampuni iliyokuja kurithi mambo yake, Tangold, ilitajwa bungeni kuwa na wakurugenzi waliokuwa maofisa wa juu wa Serikali. Wabunge walipotaka maelezo mwaka 2008, waliambiwa kwamba suala hilo linagusa usalama wa taifa.

Hatumhukumu mtu, mahakama zipo. Tunaangalia meza tu. Ikiwa anayekopa, anayedhamini, anayelipa na anayetakiwa kukagua ni watu wa ofisi zinazotembeleana kila siku, nani atauliza swali baya? Mtu hanyamazi kwa sababu ni mwizi. Ananyamaza kwa sababu kesho atahitaji saini ya mwenzake, au kwa sababu mtoto wa mwenzake ni mtoto wake wa ubatizo. Wakati huo mwananchi wa Buhemba, anayebaki na mashimo, hana anayemjua kwenye meza ile.

Lakini kujuana kuna faida, tusijidanganye. Mkurugenzi anayefahamika benki huiletea kampuni mkopo, na anayejua wanunuzi Mwanza hupata bei. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika mwaka 1973 kwamba habari mpya mara nyingi hutufikia kupitia watu tunaofahamiana nao kwa mbali kuliko kupitia marafiki wa karibu, kwa kuwa hao wa karibu wanajua yaleyale tunayoyajua. Kwa bodi, jambo hili ni zito. Wakurugenzi saba waliosoma pamoja wana masikio ya mtu mmoja. Hawatasikia kwamba maji ya kijiji yamechafuka mpaka wananchi wafunge barabara, na siku hiyo kampuni itapoteza fedha nyingi kuliko ambazo ingetumia kusikiliza mapema.

Ndiyo maana hatuvutiwi sana na picha za makabidhiano ya madawati. Tangu 2017 sheria ya madini inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Ni sheria nzuri. Ila makubaliano kati ya meneja na viongozi wanaokula naye chakula cha mchana yanaweza kujenga darasa mahali ambapo kijiji kiliomba kisima.

Tusiwanyooshee kidole wenye migodi peke yao. Huku Bunda mkulima wa pamba anauza kupitia AMCOS, na bodi ya AMCOS huchaguliwa na wanachama wenyewe. Karani wa mizani akiwa mpwa wa mwenyekiti, na wakala wa mnunuzi akiwa rafiki wa wote wawili, kilo zinazopungua zitalalamikiwa kwa nani? SACCOS zetu za parokia nazo ni hivyohivyo: kamati ya mikopo ikiwa ya jumuiya moja, mdaiwa sugu huonewa aibu tu.

Na ninyi mafrateri, mtapewa bodi. Padre kijana hukabidhiwa shule, zahanati, pengine hospitali, na jambo jepesi ni kuita watu wa darasa lake na wafadhili aliowazoea. Papa Benedikto XVI, katika *Caritas in Veritate* ya mwaka 2009, alifundisha kwamba uongozi wa kampuni uwajibike pia kwa wafanyakazi, wateja, wauzaji wa malighafi na jamii inayoizunguka. Muuguzi na mama anayeuza maziwa kwenye shule yako ni miongoni mwao.

Sheria ya Makampuni ya 2002 inamtaka mkurugenzi aseme mbele ya wenzake akiwa na maslahi katika mkataba wa kampuni. Tunapendekeza tuanze na hilo kwenye taasisi zetu, tukiongeza swali la pili: nani kati yetu ni ndugu, mkwe, au rafiki wa anayeomba kazi hii? Jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na aliyejibu ndiyo atoke nje wakati wa kupiga kura. Kisha kiti kimoja apewe mtu ambaye mwenyekiti hana namba yake ya simu.