Kompyuta ya ofisi: mzigo mkubwa, umeme kidogo



Mmesikia kwamba Jumanne kompyuta yetu ya ofisi ilizimika tena, ikiwa mara ya nne. Tulikuwa tunaandika akiba za AVEC, na pembeni video ya mafunzo inacheza. Michango ya siku ile haikuhifadhiwa. Maneno yakaanza: mama mwandishi amefuta, mama mwandishi hajui kazi. Nasi wa kamati tulisema hivyo. Tulikosa.

Kompyuta yenyewe ni ya zamani. Mwezi uliopita ndugu yetu wa Marekani alituletea kadi mpya ya picha ili video zionekane vizuri. Tuliiweka, tukafurahi, na tangu hapo kuzimika kukaanza. Tulilaumu jenereta, lakini taa ziliendelea kuwaka.

Fundi alisoma karatasi iliyobandikwa kwenye boksi la umeme, lile lenye feni ndani ya kompyuta. Imeandikwa wati 250. Lakini vyombo vyenye kula sana vinatumia mstari wa volti 12, na hapo ni ampea 14 tu. Zidisha 12 kwa 14, unapata wati 168. Kadi ile inaweza kudai wati 75, na prosesa yetu wati 95. Hiyo ni 170, kabla ya kuhesabu diski na feni. Ni kama mtumbwi uliojaa kupita kiasi: ziwa likitulia unaenda, wimbi likija unazama.

Tumeondoa kadi. Diski ya zamani inayozunguka tumeibadilisha kwa SSD, isiyozunguka na inayokula wati chache tu. Kompyuta sasa inafunguka haraka, wala haijazimika. Kadi tumeihifadhi mpaka tupate feza ya boksi lenye nguvu.

Kwa wenye kompyuta nyumbani:

Kabla ya kununua chombo kipya, soma karatasi ya boksi, hasa ampea za volti 12.

Ukitafuta boksi lingine Uvira au Bujumbura, beba la zamani mkononi. Maumbo na plagi hazifanani zote. Likiwa na kitufe cha kuchagua volti, kiwe kwenye 230, si 115.

Usiruhusu mtoto afungue boksi lenyewe. Hata likichomolewa, ndani linaweza kubaki na umeme wa kuumiza mtu.

Michango iliyopotea tumeirudisha yote, kwa sababu mama mwandishi alikuwa ameiandika kwanza katika daftari. Hakuna franka iliyokosekana. Tumemwomba msamaha mbele ya kamati, na leo tunamwomba mbele yenu wote. Daftari litaendelea, hata kompyuta ikipona kabisa.