Mtoto asiyejulikana: kazi ya raia ni kulinda alama zake, si kutafuta mkosaji

Mtoto akikutwa amekufa na hakuna anayemjua, raia wanaamka. Huo ni moyo mzuri. Katika Goma, Bukavu, Uvira ao Beni, picha yake inapita simu kwa simu kabla jua halijatua. Mmoja anasema alimwona sokoni. Mwingine anataja jina la mama wa kambo. Wa tatu ana hakika kwamba ni kazi ya wezi wa watoto. Jioni kuna vijana wanaotaka kwenda kwa nyumba fulani na fimbo. Mtoto anazikwa haraka, na baada ya wiki mbili ni wachache wanaoweza kuonyesha kaburi lake.

Ni kusema, bidii inakwenda mahali ambapo haifai, na pale inapohitajika hakuna mtu. Kesi moja ya Marekani, iliyochukua miaka 65, inaonyesha jambo hili waziwazi. Inafaa ijulikane na kila mtu wa Kivu ao wa Ituri anayetaka kusaidia mtoto asiye na jina.

Mwishoni mwa mwezi wa pili 1957, mwili wa mtoto wa kiume ulikutwa ndani ya karto, pembeni ya barabara katika eneo la Fox Chase, mji wa Philadelphia. Alikuwa uchi, amefungwa katika blanketi, amekonda, na mwili wake ulikuwa na alama za kupigwa. Nywele zake zilikuwa zimekatwa ovyo. Waganga walikadiria kwamba alikuwa na umri wa miaka 4 hadi 6. Karto lenyewe lilikuwa la kitanda cha mtoto mchanga kilichouzwa katika duka la J.C. Penney. Polisi walifikiri kwamba kwa siku chache jina lingepatikana, sababu mtoto wa umri ule ana mama, ana majirani, ana watu waliozoea kumwona.

Jina halikupatikana. Polisi walichapisha karatasi 400 000 zenye picha ya uso wake. Zilibandikwa katika posta na maduka, zingine zilitiwa pamoja na faktire za gesi zilizotumwa nyumba kwa nyumba. Hakuna mama aliyekuja. Hakuna jirani aliyesema: huyu ni mtoto wa fulani. Magazeti yakamwita "Mtoto wa katika karto".

Hapo ndipo watu wa kujitolea walipoingia. Wa kwanza aliyejulikana sana ni Remington Bristow, mfanyakazi wa ofisi ya uchunguzi wa maiti ya mji ule. Kazi yake ya mshahara ilikuwa na mipaka, lakini yeye aliendelea na kesi hii kwa wakati wake mwenyewe mpaka alipokufa mwaka 1993. Kulikuwa pia na mtaalamu wa alama za vidole wa polisi aliyechukua alama za nyayo za mtoto, kisha akatumia miaka akizilinganisha na alama za watoto wachanga katika daftari za hospitali. Baadaye ikaja Vidocq Society, kikundi kilichoanzishwa Philadelphia mwaka 1990. Ndani yake kuna wapelelezi, waganga na wanasheria, wengi wao wamestaafu, wanaokutana kuangalia kesi za zamani bila malipo.

Watu hawa walifanya mengi. Lakini inafaa kutenganisha yale yaliyosaidia na yale yaliyoharibu, sababu yote mawili yalitoka katika moyo mmoja.

Bristow alikwenda kuomba msaada kwa mwanamke aliyesemekana kuwa na kipawa cha kuona mambo yaliyofichika. Kutokana na maneno ya mwanamke yule, akaanza kushuku nyumba moja iliyokuwa inalea watoto wasio na wazazi, si mbali na pale mwili ulipokutwa. Aliona ndani yake vitu vilivyomkumbusha kitanda na blanketi. Akaamini kwamba mtoto alizaliwa na msichana wa nyumba ile, na kwamba walimficha kwa sababu ya haya. Aliibeba imani hiyo miaka yote iliyobaki ya maisha yake. Familia ile ilihojiwa tena na tena, hata miaka 40 baada ya mtoto kufa. Mwishowe ADN ikaonyesha kwamba msichana aliyeshukiwa hakuwa mama ya mtoto.

Mwaka 2002 yakaja madai mengine. Mwanamke mmoja alisema mama yake mwenyewe alimnunua mtoto yule na kumtesa mpaka akafa. Habari zilikuwa za kuumiza, na wengi waliziamini. Hazikuweza kuthibitishwa. Kabla yake wengine walifikiri kwamba mtoto alikuwa mkimbizi kutoka Hungary. Mtoto mkimbizi ambaye picha yake ilifanana na ile ya marehemu alitafutwa, akakutwa mzima, anaishi na familia yake.

Miaka 65 ya kukisia, na hakuna hata dhana moja kati ya hizi iliyoleta jina. Jambo hili linapaswa kusemwa bila kuficha, sababu watu wanapenda kuamini kwamba mwenye huruma nyingi ndiye ataona ukweli. Huruma ya Bristow ilikuwa ya kweli. Haikumzuia kukosea, na kukosea kwake kulilipwa na familia ambayo haikuwa na kosa hilo.

Sasa yaangaliwe yale yaliyosaidia. Mtoto alizikwa mwaka 1957 katika uwanja wa maskini, mahali wanapozikwa watu wasio na ndugu. Wapelelezi walichanga pesa zao wakamwekea jiwe lenye sala fupi na tarehe. Katika uwanja ule, kaburi lake peke yake ndilo lililokuwa na jiwe. Lilikuwa jambo dogo, lakini kesi nzima ilisimama juu yake. Mwaka 1998, elimu ya ADN ilipokuwa imeendelea, watu walijua kwa hakika mahali pa kuchimba. Hakukuwa na mabishano ya kaburi lipi. Mabaki yalifukuliwa, ADN ikachukuliwa katika jino, kisha mtoto akazikwa upya katika makaburi ya Ivy Hill. Sanduku, jiwe na ibada vilitolewa bure na mtoto wa yule aliyesimamia maziko ya kwanza. Jiwe jipya lilimwita Mtoto Asiyejulikana wa Amerika. Wakaaji wa mji walileta maua na vitu vya kuchezea mwaka baada ya mwaka.

ADN ile ya 1998 haikutosha. Mwaka 2019 kaburi likafunguliwa tena. Mabaki yalikuwa yamezeeka sana, na wataalamu walihitaji zaidi ya miaka 2 kupata ADN inayosomeka. Kisha wakailinganisha na ADN ya watu wa kawaida ambao walitoa mate yao kusudi wajue ukoo wao. Wakapata watu wa mbali wenye damu moja na mtoto, wakajenga mti wa ukoo tawi kwa tawi, mpaka wakamfikia mama. Tribinali ikaruhusu kufungua daftari za kuzaliwa. Tarehe 8 mwezi wa 12 mwaka 2022, polisi wa Philadelphia walitangaza jina: Joseph Augustus Zarelli, aliyezaliwa tarehe 13 mwezi wa kwanza 1953. Alikuwa na miaka 4. Tarehe 13 mwezi wa kwanza 2023, siku ambayo angetimiza miaka 70, jina lake lilionekana kwa mara ya kwanza juu ya jiwe.

Polisi hawakutangaza majina ya wazazi siku ile, sababu mtoto ana ndugu ambao wangali hai na ambao hawana hatia. Aliyemuua hajulikani rasmi mpaka leo. Nani alifanya? ni swali moja. Mtoto huyu ni nani? ni swali lingine. La pili linaweza kupata jibu hata kama la kwanza bado halina, na anayeyachanganya mara nyingi anapoteza yote mawili.

Kuna kesi ambayo raia wa kawaida alifika kweli kwenye jina, na njia yake inafundisha. Katika Allenstown, jimbo la New Hampshire, mwaka 1985 lilikutwa pipa lenye maiti ya mwanamke na ya msichana mdogo. Mwaka 2000 likaonekana pipa la pili karibu na pale, lenye wasichana wawili. Mwaka 2018, mwanamke mmoja mfanyakazi wa maktaba katika Connecticut, ambaye alifuatilia kesi hii katika saa zake za kupumzika, alianza kusoma ujumbe wa zamani ulioachwa na watu wanaotafuta ndugu zao. Hakuanza na mshukiwa, alianza na familia zinazolia. Akakuta watu waliokuwa wakitafuta mtoto aliyeondoka na mama yake. Alipowauliza, wakamwambia kwamba mama yule alikwenda na mwanaume wa jina la Rasmussen. Polisi walikuwa wamekwisha kutambua muuaji wa jina hilo. Yule mwanamke hakukimbia kutangaza. Alipeleka habari kwa wachunguzi, ADN ikathibitisha, na mwaka 2019 watatu kati ya wanne walipata majina yao. Wa nne alingoja mpaka 2025, na jina lake lilipatikana kwa kazi ya watu wa kujitolea wa DNA Doe Project.

Mtu anaweza kusema: hayo ni mambo ya inchi yenye pesa na mashine, Kivu inahusika wapi? Inahusika sana. Mwezi wa tano 2023, mafuriko ya Kalehe yaliua watu zaidi ya 400 katika Bushushu na Nyamukubi, na wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja. Kati yao kulikuwa watoto. Vita imejaza makaburi mengine ya watu ambao majina yao hayakuandikwa. Ni kweli kwamba mashine za ADN ziko mbali, na kwamba benki za ADN zilizomtambua Joseph zimejaa zaidi watu wenye asili ya Ulaya. Lakini ndiyo sababu alama za bei ndogo zina uzito zaidi hapa. Asiye na mashine anapaswa kutunza kibao na daftari, kusudi siku mashine itakapofika ikute kitu cha kupima. Na mara nyingi mashine haitahitajika: shati, kovu ao shanga ya mkononi inatosha kwa mama kumtambua mtoto wake, ikiwa kuna mtu aliyeandika.

Wengine wanasema kwamba maiti zinapaswa kufunikwa haraka kwa kuogopa magonjwa. Mwongozo uliotolewa mwaka 2006 na mashirika ya afya pamoja na Komiti ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu unasema wazi kwamba miili ya watu waliouawa na msiba kama mafuriko ao tetemeko kwa kawaida haileti magonjwa ya kuambukiza. Waliokufa kwa Ebola ao kolera ni jambo lingine, na wakaaji wa Beni na Butembo wanalijua kuliko wengine. Mwongozo ule unaomba mambo rahisi: kila mwili upewe namba yake peke yake, picha ipigwe, nguo na alama za mwili ziandikwe, miili ilazwe kando kando bila kurundikwa, na mahali pa kaburi pawekwe alama.

Haya hayahitaji diplome. Kijana mwenye simu na kalamu anaweza kuyafanya, akiwa pamoja na kiongozi wa kata na watu wa Msalaba Mwekundu. Picha iende kwao, isiende katika makundi ya WhatsApp, ambapo mama anaweza kukutana na uso wa mtoto wake bila mtu wa kumshika mkono. Anayefikiri anajua jina aliseme kwa wachunguzi, aseme pia amelijua namna gani. Na jina la mshukiwa lisitajwe barabarani. Philadelphia hakuna aliyechomewa nyumba kwa sababu ya dhana ya Bristow. Mashariki ya Congo, neno moja juu ya mwizi wa watoto linaweza kuua mtu kabla ya saa ya chakula.

Kuna pia wanaouliza kwa nini kuhangaikia wafu wakati wazima wana njaa. Lakini kazi hii ni ya wazima. Mzazi asiyejua mtoto wake yuko wapi hawezi kumaliza matanga. Anatega sikio kila mlango unapogongwa. Mlipuko wa Nyiragongo wa mwezi wa tano 2021 ulitenganisha watoto wengi na wazazi wao. Wengi walirudi nyumbani sababu kulikuwa watu waliokaa kuuliza, kuandika na kulinganisha majina. Daftari linalorudisha mtoto mzima kwa mama yake ni la namna moja na lile linalorudisha jina la mtoto aliyekufa.

Viongozi wa mikoa na wa kata wana sehemu yao, na inafaa waulizwe: daftari la maiti zisizojulikana liko wapi, nani analishika, na makaburi yale yana alama gani? Kwa upande wao, raia wasingoje. Kalehe, Goma na Bunia bado wako watu wanaokumbuka nani alizikwa wapi, amevaa nini, siku gani. Kumbukumbu hizo zinapotea kila mwaka mtu anapohama ao anapokufa. Ziandikwe sasa.