Takriri Haichekeshi kwa Kuwa Takriri

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Katika uhakiki wetu, hata hivyo, anayeharibiwa na sifa aghalabu si mgema bali mnywaji: huzoea kusifu hata akasahau kuonja. Tukiiona takriri katika kazi ya mtunzi mashuhuri, tunaitaja, tunatoa mfano, tunapita. Ni nadra kuuliza kama imefaulu. Nadai kuwa dawa ya mazoea hayo ni kuzisoma pia kazi dhaifu za mabingwa. Mfano wangu nautoa katika filamu fupi za wachekeshaji Stan Laurel na Oliver Hardy.

Mnamo 1929, sauti ilipokuwa bado ngeni katika filamu za Marekani, wawili hao waliigiza *Berth Marks*, iliyoongozwa na Lewis R. Foster. Ni wasanii wanaosafiri kwa treni kwenda Pottsville kutumbuiza. Sehemu kubwa ya filamu wamo katika kitanda kimoja cha juu, chembamba, wakihangaika kuvua nguo ili walale. Viwiko vinagongana, miguu inanaswa na nguo, manung'uniko hayaishi. Wanapotulia hatimaye, wanatangaziwa kuwa wamefika. Wanashuka mbiombio, nguo mkononi, na treni inaondoka na fidla yao.

Wazo ni zuri. Mbona basi kicheko kinafifia? Kasoro haimo katika ufinyu wa kitanda bali katika msuko. Kinachotokea mwanzoni ndicho kinachotokea tena na tena. Dhiki haizidi, wala wahusika hawagundui lolote jipya.

Tulinganishe na *The Music Box* ya 1932, iliyotunukiwa Oscar ya filamu fupi ya vichekesho. Humo pia kitendo ni kimoja: kupandisha piano kwenye ngazi ndefu. Lakini kila inapoporomoka pana kisa kipya: mara yaya na kigari cha mtoto, mara polisi. Mtazamaji anazidi kuijua gharama ya kila kidato. Wakishafika juu wanaambiwa kuwa ipo barabara ambayo wangeipitia. Nao, kwa ujinga wao wa dhati, wanaishusha piano ili waipitishe huko! Takriri ya kitandani inajaza muda. Ya ngazini inajenga kilele.

Wapo watakaouliza: vichekesho vya kuangukaanguka vina nini na mwanafunzi wa Kiswahili? Jibu ni kwamba waigizaji ni wale wale na mbinu ni ile ile, ila matokeo ni mbalimbali. Basi jina la mtunzi halitoshi kuthibitisha ubora, wala kuwepo kwa mbinu hakutoshi. Kazi ya mhakiki ni kueleza tofauti hiyo, na hawezi kuieleza ikiwa amesoma kazi bora pekee.

Kwa hivyo, mwenzangu unayeandaa pendekezo la tasnifu kuhusu mtunzi unayempenda, anza na ile kazi yake unayoionea haya.