Masomo ya wazazi yafuate kalenda ya shamba

Siku hizi mashirika yanapenda kupitisha masomo ya wazazi kwenye shule za msingi: namna ya kuongea na mtoto bila kumupiga, namna ya kufuata kaye yake hata kama wewe mwenyewe hukusoma, sababu ya kumuacha msichana amalize darasa la sita. Mimi naunga mkono. Kijijini kwetu, shule ndiyo pahali karibu kila nyumba iko na mtoto ndani yake.

Lakini mzazi akiitwa ku masomo anawaza nini? Ni feza, ao mtoto amekosa. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni bure kwenye shule za serikali, na tangu 2019 serikali ilianza kutumikisha jambo hilo. Woga haujaisha, juu tulilipa walimu miaka mingi. Mwenye hana franga hatafika, anatuma mtoto mkubwa. Basi komite ya wazazi ikiwa na mchango wa kuomba, iombe siku ingine. Siku ya somo la wazazi, feza isitajwe hata kidogo.

Kisha kuna saa. Shule inafunguliwa mwezi wa 9, wakati sisi tunapanda maharagi na mahindi. Somo la saa tatu asubuhi litampata nani? Wale wanaoishi karibu na shule, basi. Na wababa wengi wanasema mambo ya watoto ni ya wamama, ijapokuwa mara nyingi ni baba anayekata neno la kumtoa binti shuleni.

Hao wababa tunajua wanafika wapi: siku ya kupima kahawa, na zaidi siku ya kulipwa! Mwalimu apewe nusu saa pale pale, mbele ya feza kugawanywa. Na asituimbie mambo matamu tu. Aulize kwa nini wakati wa mavuno viti vya darasa la tano na la sita vinabaki wazi, na watoto wako wapi. Tunajua jibu, wako kwenye mashamba yetu, sisi wanamemba. Somo lisilogusa hapo ni la kupitisha saa.

Komite ya kila koperative iandike siku zake za kupima na za kulipa, izipeleke kwa mkubwa wa shule mbele ya mwezi wa 9, wapange pamoja.